Nani Aseme Umeuza Kiasi Gani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kila mwenye duka Tanzania anaijua na anaikubali kwa mdomo. Kwa vitendo ni jambo jingine. Pita Mbagala, Manzese au Buguruni, uombe kuonyeshwa daftari la duka, na mara nyingi utaletewa la madeni: nani kachukua sukari, nani kachukua unga, nani kalipa nusu. La mauzo halipo, la matumizi halipo. Sikubali kwamba huu ni uvivu. Mtu anayefungua duka saa kumi na mbili asubuhi na kulifunga saa nne usiku si mvivu. Anayo sababu yake ya kutoandika, na anastahili kujibiwa badala ya kukemewa.

Ndiyo maana nimeziketisha sauti tatu pamoja. Yupo mama mwenye duka la vyakula, anayeuza rejareja na jumla kidogo. Yupo mzee wa vitenge wa Kariakoo, aliyeanza biashara kabla mashine za EFD, zile za risiti za kielektroniki, hazijaingia nchini mwaka 2010. Na yupo kijana mhasibu anayewaandalia watu hesabu za kupeleka TRA, mamlaka ya mapato. Sauti hizi nimezikusanya kwa wengi, kwa hiyo asitafutwe mtu mmoja nyuma ya yeyote kati yao. Mimi mwenyewe nina upande, na nitautaja kila nitakapoona inafaa.

MZEE: Nianze mimi, maana ndiye mkubwa. Hiyo methali tumefundishwa tangu utotoni, lakini sokoni tumejifunza ya pili: mali yenye daftari hupotea huku unaiona. Ukiandika kila kitu, ofisa akija anafungua ukurasa, anajumlisha, anakutajia kodi. Usipoandika mnakaa mnazungumza. Wewe unasema biashara imelala, yeye anatazama rafu, mnakutana katikati. Nimeishi hivyo miaka yote na watoto wamesoma.

MHASIBU: Shikamoo, mzee wangu.

MZEE: Marahaba, mwanangu.

MHASIBU: Hapo katikati mnapokutana, anayepapima ni nani?

MZEE: Wote wawili.

MHASIBU: Hapana, mzee. Ofisa akishakukadiria, kadirio lake ndilo linalosimama mpaka wewe uliangushe. Sheria inakupa siku 30 za kuweka pingamizi, na ili lipokelewe unatanguliza theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa, au kile kiasi usichokibishia, chochote kilicho kikubwa zaidi. Unaweza kuomba upunguziwe hicho kitangulizi, lakini unaomba kwa sababu zilizoandikwa. Ukishindwa pale unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, na kule mzigo wa kuthibitisha unaubeba wewe uliyekata rufaa. Wao hawatakiwi kuthibitisha kwamba uliuza milioni 40. Ni wewe unayetakiwa kuonyesha kwamba hukuziuza. Utaonyesha kwa kitu gani?

MAMA: Kwa kuapa.

MHASIBU: Ndiyo, mama, na wengi wanaapa. Kiapo hakina ukurasa.

Nikatize hapa, kwa sababu kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawajaambiwa waziwazi. Jedwali la kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo, kama lilivyotumika miaka hii ya karibuni, lina safu mbili. Safu moja ni ya mwenye kumbukumbu kamili, nyingine ni ya asiye nazo. Aliyeuza chini ya shilingi milioni 4 kwa mwaka halipi chochote, awe ameandika au hakuandika. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000 bila kujali ameuza milioni 4 na nusu au milioni 6 na nusu. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Kwa hiyo watu wawili wenye genge moja upande huu na jingine upande ule, wote wameuza milioni 5, mmoja analipa 30,000 na mwenzake 100,000. Kinachowatofautisha ni daftari.

Panda ngazi moja. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye nazo analipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Aliyeuza milioni 9, ambayo ni kama 25,000 kwa siku, analipa 150,000. Ameokoa 100,000 kwa kalamu. Kadiri unavyoukaribia ukingo wa juu wa kila ngazi tofauti inapungua, lakini haigeuki hata mara moja kumwelemea aliyeandika. Kwa hiyo kwa wadogo kabisa hoja ya mzee ina kasoro: katika ngazi hizo, kunyamaza kuna bei, na bei hiyo ni kubwa kuliko ya kusema.

MZEE: Hizo ni biashara za genge. Mimi niko juu ya milioni 11. Niambie safu mbili ziko wapi huku kwetu.

MHASIBU: Huko zinaungana, mzee. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka asilimia 3.5 ya mauzo kwa aliyevuka milioni 11 hadi milioni 100.

MZEE: Mwenye daftari na asiye nalo?

MHASIBU: Asilimia ni ile ile.

MZEE: Basi umenisaidia kujenga hoja yangu.

MAMA: Mimi ndiye niliye kwenye hiyo asilimia, na nataka tuizungumze kwa namba, maana kila siku naisikia ikitajwa kama kitu kidogo. Tatu na nusu tu, wanasema. Tuseme nimeuza milioni 60 kwa mwaka. Ukisikia milioni 60 unaniona tajiri. Lakini mimi nauza sukari, unga, mchele na mafuta ya kula. Kwenye mfuko wa unga faida ni ya kuhesabu kwa mia. Katika hizo milioni 60, bei niliyonunulia mzigo ni milioni 54. Zimebaki 6. Fremu ni 150,000 kwa mwezi, hiyo ni milioni 1 na laki 8. Kijana anayenisaidia ni 150,000, nyingine milioni 1 na laki 8. Umeme, leseni, gari la kuleta mzigo, mifuko, tuseme laki 6. Toa zote. Nimebakiwa na milioni 1 na laki 8, na sijala.

MHASIBU: Na asilimia 3.5 ya milioni 60 ni milioni 2 na laki 1.

MAMA: Kodi imezidi faida. Hapo ndipo namwelewa mzee. Mtu wa namna hii ukimwambia aandike mauzo yake yote, unamwambia ajichimbie.

Huu ndio moyo wa mjadala, na nasema bila kuuma maneno kwamba mama ana haki ya kukasirika. Kodi inayotazama mauzo bila kutazama gharama haioni tofauti kati ya muuza unga na muuza manukato. Anayepata shilingi 3 katika kila 100 na anayepata 40 wanapimwa kwa kipimo kimoja. Mfumo huo uliwekwa kwa nia ya kurahisisha mambo, na kwa fundi au kinyozi, ambaye gharama zake ni chache, kweli unarahisisha. Kwa mwenye duka la vyakula unaweza kumla mtaji. Lakini mjadala hauishii hapo, kwa sababu sheria ina mlango ambao wengi hawajawahi kuusukuma.

MHASIBU: Mama, makadirio si kifungo. Sheria ya Kodi ya Mapato inampa mtu binafsi hiari ya kujitoa humo kwa mwaka husika na kutozwa kwa faida. Ukijitoa, zile milioni 54 za mzigo zinatolewa, fremu inatolewa, mshahara wa kijana unatolewa, umeme unatolewa. Kinachobaki ndicho kinachotozwa, tena kwa viwango vya mtu binafsi, ambavyo kwa mwaka shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi kitu. Wewe umebakiwa na 1,800,000.

MAMA: Kwa hiyo kodi yangu ya mapato ingekuwa kiasi gani?

MHASIBU: Sifuri.

MAMA: Rudia.

MHASIBU: Sifuri, mama. Badala ya milioni 2 na laki 1.

MZEE: Ukimwambia ofisa kodi yako ni sifuri huku duka limejaa mzigo, atakuamini?

MHASIBU: Hataniamini, na wala sitaki aniamini. Nataka asome. Hapo ndipo daftari linapofanya kazi, mzee. Kwenye makadirio ya asilimia 3.5 daftari linasema mauzo peke yake, nakubali, halikusaidii sana. Kwenye faida linasema gharama, na kila gharama iliyoandikwa na yenye risiti inapunguza kodi. Sheria inataka gharama iwe imetumika kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara, na iwe na ushahidi.

MAMA: Ushahidi gani? Tuanze na mzigo, maana ndio mkubwa.

MHASIBU: Tunahitaji namba tatu. Ya kwanza, mzigo ulioanza nao mwaka: siku ya Januari Mosi unahesabu dukani na stoo, mifuko mingapi, katoni ngapi, kwa bei uliyonunulia, si ya kuuzia. Tuseme umepata milioni 5. Ya pili, ulichonunua mwaka mzima, kwa risiti za EFD za wauzaji wa jumla: milioni 55. Ya tatu, Desemba 31 unafunga duka mapema na kuhesabu tena: zimebaki milioni 6. Milioni 5 ongeza 55, toa 6, ndiyo 54 zako. Usipohesabu mzigo wa mwisho wa mwaka, hakuna mhasibu wala ofisa anayeweza kujua faida yako. Atabuni.

MAMA: Katika hizo milioni 55 za manunuzi, kuna mchele nimenunua kwa mkulima aliyeshuka na magunia kutoka Kilombero. Yule hana mashine wala TIN, namba ya mlipakodi. Kuna muuzaji wa jumla mmoja anakuuliza: unataka bei ya risiti au bei ya kawaida? Ukitaka risiti bei inapanda. Na mwenye fremu anataka chake kamili mkononi. Ile kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo kwa haki ni yake, anakwambia lipa wewe au hama. Mkataba wenyewe ameuandika pungufu. Gharama zangu tatu kubwa, zote ushahidi wake uko mikononi mwa watu wasiotaka kuutoa.

MZEE: Mwambie, mama.

MHASIBU: Sina jibu zuri kwa mwenye fremu.

Nami sina, na sitajifanya ninalo. Namheshimu mhasibu kwa kukiri hivyo, kwa sababu wanaohubiri kumbukumbu mara nyingi huzungumza kana kwamba risiti inaota dukani. Risiti huanzia kwa mwingine. Mnunuzi anayedai bei ya bila risiti anaokoa elfu chache leo na kununua kadirio kubwa kesho, hilo ni kweli. Lakini mama huyu hana nguvu ya kumshinda mwenye fremu wala muuzaji wa jumla. Mwenye nguvu hiyo ni mamlaka ya kodi. Badala ya kusimama mlangoni kwa mama kuangalia kama katoa risiti ya kilo moja ya sukari, ingeanzia juu: kwa anayeuza semi nzima ya sukari na kwa anayepangisha fremu kumi.

Kwa mkulima wa mchele kuna la kujifunza kwa jirani. Kenya, tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS haipunguzwi kwenye kodi ya mapato, isipokuwa chache kama mishahara. Sheria hiyo iliwabana hasa wanaonunua kwa wakulima na wauzaji wadogo. Mwishoni mwa 2024 Bunge la Kenya likarekebisha: mnunuzi sasa anaweza kutoa ankara yeye mwenyewe kwa niaba ya mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 za Kenya kwa mwaka. Kwa hiyo gharama inatambuliwa bila kumlazimisha mkulima awe na mashine. Sioni kwa nini mama wetu asipate njia kama hiyo, kwa utaratibu unaoeleweka.

MZEE: Haya, tuseme ana risiti zote. Anapeleka kwa nani? Mwaka 2023, mwezi Mei, Kariakoo tulifunga maduka. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja, tukamweleza mbele ya umma kero za kodi na namna tunavyokaguliwa. Juni 2024 tukafunga tena, na safari ile mikoa mingine ikafunga pia. Watu hawafungi maduka siku tatu kwa sababu hawapendi kuandika. Wanafunga kwa sababu wameandika, wakatoa risiti, na bado wamesimamishwa barabarani na mzigo wao.

MHASIBU: Ni kweli, na baada ya hapo Rais akaunda tume ya kutazama mfumo mzima wa kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue, ikazinduliwa Oktoba 2024. Lakini nikuulize, mzee wangu. Kwenye ile mikutano, nani alisikilizwa zaidi? Aliyesimama akasema tunaonewa, au aliyesimama na karatasi akasema mwezi fulani niliuza hiki, nikakadiriwa kile?

MZEE: Wote walipigiwa makofi.

MHASIBU: Makofi ndiyo. Nauliza kusikilizwa.

MZEE: (Kimya kidogo.) Wa karatasi aliulizwa maswali.

MHASIBU: Basi.

Nadhani hapa mzee ametoa zaidi ya alivyokusudia. Kuulizwa maswali ni dalili kwamba neno lako limechukuliwa kama jambo la kuchunguzwa, halikuachwa lipite kama malalamiko. Yale mazungumzo ya kukutana katikati anayoyasifu yana hatari nyingine ambayo hatukuitaja mapema: pale ambapo hakuna namba, ndipo rushwa inapopata kiti. Na rushwa, pamoja na ubaya wake wote, ni gharama ambayo sheria imeikataa kabisa. Huwezi kuitoa kwenye faida, wala faini huwezi. Unaitoa mfukoni na kodi inabaki pale pale.

MAMA: Mimi nataka kujua ya kwangu. Sina hela ya kukuajiri wewe, mwanangu, usinielewe vibaya.

MHASIBU: Hulazimiki. Zamani mtu binafsi akivuka mauzo ya milioni 20 alitakiwa hesabu za mhasibu aliyesajiliwa. Tangu 2019 sharti hilo limesogezwa hadi milioni 100. Na sheria inakubali kumbukumbu za Kiswahili. Daftari la mistari linatosha, mradi litunzwe miaka 5 pamoja na risiti zake. Risiti za EFD zinafifia, kwa hiyo zipige picha kwa simu siku ile ile.

MAMA: Kwenye daftari naandika nini?

MHASIBU: Kila usiku, mauzo ya siku: taslimu upande mmoja, ya lipa namba upande wa pili. Usiyachanganye, maana ya lipa namba yana taarifa yake kwenye mtandao wa simu na ofisa anaweza kuilinganisha. Kisha matumizi: tarehe, umelipa nini, kwa nani, kiasi gani, namba ya risiti. Kisha safu ambayo watu wengi wanaisahau, ya vitu unavyotoa dukani kwenda nyumbani. Sukari ya nyumbani si gharama ya biashara. Ada ya mtoto si gharama ya biashara. Ukivichomeka humo, siku vikigundulika hata gharama za kweli zitatiliwa shaka.

MAMA: Friji niliyonunua mwaka huu je? Milioni 1 na laki 2.

MHASIBU: Haitolewi yote kwa mkupuo. Inatolewa kidogo kidogo kama uchakavu. Vifaa vya namna hiyo ni asilimia 12.5 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ni 150,000. Tunza risiti yake kuliko zote.

MAMA: Na wale wa mali kauli? Wamechukua mzigo tangu Ramadhani, hawajalipa.

MHASIBU: Waandike kwa jina, tarehe na kiasi, na uandike kila ulipowadai. Deni lililoshindikana linaweza kufutwa kwenye hesabu, lakini lazima uonyeshe kwamba ulilidai na hapakuwa na matumaini tena. Lile daftari la madeni ulilonalo tayari, mama, ndilo la kwanza nitakaloliomba.

MZEE: Kwa hiyo na mimi ninalo.

MHASIBU: Unalo, mzee wangu. Nusu ya kazi umeshaifanya.

Upande wangu sasa naweza kuutaja wote. Namtaka mama aandike, na ajaribu kujitoa kwenye makadirio akiona hesabu zake zinamruhusu. Lakini wanaotunga sheria nao nawataka warudishe zile safu mbili kwa waliovuka milioni 11. Haifai mwenye genge azawadiwe kwa daftari lake, kisha akikua na kuvuka mstari zawadi iondolewe pale pale ambapo kuandika kunakuwa kugumu na kwenye gharama. Mwenye kumbukumbu kamili kwenye ngazi ile angetozwa asilimia ndogo kuliko asiye nazo. Hata pengo la nusu asilimia, kwa mauzo ya milioni 60, ni shilingi 300,000, na hiyo ni miezi miwili ya fremu ya mama. Mzee wa vitenge asingehitaji mhadhara mwingine wowote. Na kwa kuwa viwango hivi vinaweza kugeuzwa bajeti inaposomwa Juni, hakuna kinachozuia jambo hilo kufanyika.

MZEE: Wakiirudisha hiyo, nitakuwa wa kwanza kununua daftari. Wasipoirudisha, nitafikiria.

MAMA: Mimi sisubiri. Nikitaka kujitoa naanza lini?

MHASIBU: Mwanzoni mwa mwaka. Awamu ya kwanza ya kodi inakamilika Machi 31, na ndani ya muda huo unapeleka makadirio yako mwenyewe ya faida, kisha mwaka ukiisha una miezi sita ya kuwasilisha hesabu kamili. Nenda ofisini na namba za mwaka uliopita, hata kama ni za miezi michache. Waulize viwango vya mwaka huo kabla hujajaza chochote, na omba kila watakachokwambia kiandikwe.

MAMA: Na yule kijana wangu, mshahara wake nauonyeshaje? Namlipa mkononi.

MHASIBU: Anza kumlipa kwa simu, tarehe moja kila mwezi, kiasi kizima. Na kwenye daftari aandike jina lake na asaini mbele ya kiasi hicho. Akiondoka kabla ya mwaka kuisha, asikuondokee na saini.